Akibaki Mmoja, Wengine Wamekwenda Wapi?

Kaisari Tiberius wa Roma hakupenda lugha ya kigeni iingie katika shughuli za serikali. Suetonius, aliyeandika maisha ya makaisari, anasimulia kwamba Tiberius alipolazimika kutumia neno moja la Kigiriki mbele ya Seneti, kwanza aliwaomba radhi wajumbe, kisha ndipo akalitamka. Neno lenyewe lilikuwa "monopolium". Kilatini hakikuwa na neno lake kwa haki ya kuuza kitu peke yako bila mshindani, ingawa Roma haikuwa na upungufu wa watu waliokuwa wakiitafuta haki hiyo.

Radhi ile imesahauliwa, neno limebaki. Liliingia Kiingereza likawa "monopoly", na huko likakaa na ndugu zake: "monarchy", "monk", "monogamy", "monologue", "monotony". Baadaye likafuatwa na kundi kubwa la maneno ya maabara kama "monoxide" na "monocotyledon". Yote yametoka katika kiambishi cha Kigiriki, "mono-". Mwanafunzi wa sekondari wa Tanzania au Kenya hukutana nayo mwaka mzima, na akiuliza maana ya kiambishi hicho hupewa jibu fupi: mono ni moja.

Jibu hilo ni nusu ya ukweli, na nusu iliyoachwa ndiyo yenye uhondo. Mgiriki wa kale alipohesabu mbuzi wake hakuanza na "monos". Moja kwake ilikuwa "heis", "mia" au "hen", kwa kufuata jinsia ya kinachohesabiwa. "Monos" lilikuwa neno la aliye peke yake: aliyejitenga, aliyeachwa, au aliyebaki baada ya wengine kuondolewa. Tofauti hiyo kila anayesema Kiswahili anaijua bila kufundishwa. Ukisema mtoto mmoja, umehesabu tu. Ukisema mtoto pekee, umewataja pia ndugu ambao hawapo.

Yasomeke hivyo basi, kwa maana ya pekee, na mengi ya maneno haya yataanza kusema yaliyokuwa yakiyaficha. Hasa yale ya biashara.

Aristotle, katika kitabu chake cha siasa, ana hadithi mbili zinazofuatana. Ya kwanza inapendwa sana na walimu wa biashara. Thales, mwanafalsafa wa Miletus, alikuwa akichekwa kwa ufukara wake. Kwa elimu yake ya nyota akatambua kwamba mavuno ya zeituni yangekuwa makubwa. Ilikuwa bado majira ya baridi, hakuna aliyewaza kukamua mafuta, naye akaweka arubuni ndogo kwa mashinikizo yote ya Miletus na Chios. Mavuno yalipofika kila mtu alitaka shinikizo siku ileile, na mwenye mashinikizo alikuwa mtu mmoja tu. Akayakodisha kwa bei aliyoitaka mwenyewe.

Hadithi ya pili haisimuliwi sana, nayo ndiyo bora. Mtu mmoja wa Sicily alitumia fedha alizowekewa amana kununua chuma chote kilichokuwa kikitolewa katika machimbo. Wafanyabiashara walipofika kutoka bandarini wakakuta muuzaji ni yeye peke yake. Hakupandisha bei kwa kiasi kikubwa, lakini kwa talanta 50 alipata nyingine 100. Habari zikamfikia Dionysius, mtawala wa Syracuse, naye akatoa hukumu ya maneno machache: fedha zako chukua, mji wangu hama. Aristotle anaongeza kwamba hata miji yenyewe, ilipoishiwa fedha, ilifanya vivyo hivyo kwa kujitwalia biashara ya bidhaa fulani. Mtawala anamfukuza mfanyabiashara kwa jambo ambalo kesho atalifanya mwenyewe.

Pwani ya Afrika Mashariki, watu wa Pemba wamekuwa na sababu nyingi za kulielewa neno hili kuliko wengine, kwa sababu ya karafuu.

Asili ya mkarafuu ni visiwa vya Maluku, katika nchi ambayo leo ni Indonesia. Katika karne ya 17 Kampuni ya Uholanzi ya India Mashariki, VOC, iliazimia karafuu zote zinazouzwa duniani zipite mikononi mwake. Kununua peke yake hakukutosha, maana mti hausomi mikataba; penye udongo na mvua utaota. Waholanzi wakaamua mikarafuu ibaki Ambon na visiwa vichache vya jirani. Kwingine kote ilipelekwa misafara ya mashua za makasia, iliyoitwa hongi, kukata miti ya watu na kuviadhibu vijiji vilivyopanda bila ruhusa. Sultani wa Ternate alilipwa fedha ili aridhie mikarafuu ya himaya yake ikatwe. Neno lililomtia haya Tiberius lilikuwa sasa limeshika shoka.

Upekee huo ulivunjwa kwa wizi. Pierre Poivre, msimamizi wa Mauritius wakati kisiwa kikiwa cha Wafaransa, alituma meli kwa siri mwaka 1769, nazo mwaka 1770 zikarudi na miche ya mikarafuu na ya mikungumanga. Kutoka visiwa vya Wafaransa mkarafuu ulifika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na masimulizi ya visiwani humtaja Mwarabu wa Oman, Saleh bin Haramil al-Abry, kuwa ndiye aliyeuleta. Sayyid Said bin Sultan alilipenda zao hilo, na inasimuliwa kwamba aliwaamuru wenye mashamba wapande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi. Waliofyeka, wakapanda na kuchuma walikuwa watumwa waliotolewa bara. Haukupita muda mrefu Zanzibar ikawa ndiyo jina la karafuu duniani.

Kisha, Aprili 1872, kimbunga kikaipiga Unguja na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu yake. Kisiwa kilichokuwa kimeondoa mimea mingine ili mti wake upate nafasi kikajikuta hakina hata mti huo. Pemba iliguswa kidogo, na tangu hapo karafuu nyingi za Zanzibar hutoka Pemba. Kujaza nchi mti mmoja namna hiyo wataalamu wa kilimo wanakuita "monoculture", neno linalosikika kama sifa ya shamba safi lenye mistari iliyonyooka. Mkulima husema kutegemea zao moja, na kitenzi hicho cha kutegemea kinasema kweli zaidi kuliko Kigiriki chote.

Serikali ya kikoloni nayo ilitaka sehemu yake. Mwaka 1937 iliipa Jumuiya ya Wakulima wa Karafuu mamlaka juu ya biashara ya kupeleka karafuu nje, na wafanyabiashara Wahindi wa Zanzibar wakakataa. India ilikuwa mteja mkubwa, chama cha Congress kule kikaunga mkono mgomo, karafuu zikasusiwa, na mwaka 1938 serikali ikalazimika kukubaliana nao. Ni mfano wa nadra wa upekee uliotikiswa na mnunuzi, tena aliye ng'ambo ya bahari.

Baada ya Mapinduzi, mwaka 1968, likaundwa Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, likawa mnunuzi wa karafuu wa pekee. Kazi ya kumfikishia mnunuzi huyo karafuu inahitaji kuonwa kwa karibu ndipo bei ijadiliwe kwa haki. Mchumaji hupanda mti mrefu wenye matawi yanayokatika upesi, akavuta shada na kulichuma kabla matumba hayajafunguka, maana ua likishachanua thamani imekwenda. Analipwa kwa pishi. Jioni familia hukaa kuzunguka rundo, ikichambua karafuu mbali na makonyo hadi vidole vinabadilika rangi. Siku zinazofuata ni za kuanika juu ya majamvi na kuangalia mbingu, kwa sababu mvua moja ya ghafla huharibu kilo nyingi. Baada ya hayo yote gunia hufikishwa kituoni, na bei inayolisubiri ni moja.

Mwenye gunia anajua kuna bei nyingine. Usiku wa mawimbi tulivu, mashua huweza kuvuka kutoka Pemba hadi pwani ya Kenya, na kwa miongo mingi karafuu zimekuwa zikivushwa hivyo, licha ya doria na adhabu kali. Serikali imeita magendo, na kwa sheria ni magendo. Lakini mtu anayehatarisha mashua, mzigo na uhuru wake kwa tofauti ya bei huwa anasema jambo fulani kuhusu bei ya nyumbani, na mwandishi yeyote wa uchumi angepaswa kumsikiliza. Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilimsikiliza kwa kiasi mwaka 2011, ilipopandisha sana bei na kuahidi kwamba mkulima atapata asilimia 80 ya bei ya soko la nje. Hatua hiyo ilikuwa ya busara. Hata hivyo, ahadi ya mnunuzi wa pekee inategemea hiari yake. Mkulima hana mlango wa pili wa kubisha siku ahadi ikilegea.

Indonesia yenyewe, nchi ya asili ya mti, haikupata funzo kutoka kwa Waholanzi. Mwaka 1990 biashara ya karafuu ilikabidhiwa chombo kilichoitwa BPPC, chini ya Tommy, mwana wa Rais Suharto. Chombo kikalimbikiza karafuu zisizouzika, na mwishowe wakulima wakahimizwa wapunguze mikarafuu yao. Kilivunjwa mwaka 1998 kwa shinikizo la Shirika la Fedha la Kimataifa. Shoka lilikuwa limerudi Maluku kwa njia ya mlango wa nyuma.

Waingereza, ambao lugha yao ndiyo iliyotusambazia neno hili, walionja uchungu wake mapema. Malkia Elizabeth wa Kwanza alikuwa akiwapa watu wa karibu yake hati za kuuza peke yao chumvi, wanga na karata za kuchezea. Mwaka 1601 orodha ya bidhaa hizo iliposomwa bungeni, mbunge mmoja aliuliza kama mkate haumo. Baada ya muda mfupi mahakama iliibatilisha hati ya karata, na mwaka 1624 Bunge likapitisha sheria ya kufuta hati za namna hiyo. Ilimwacha mvumbuzi, apewe miaka 14 ya kufaidi uvumbuzi wake peke yake. Hataza za leo, za dawa na za simu, zina mizizi katika kifungu hicho. Huo ndio upekee ulio rahisi kuutetea, kwa sababu una tarehe ya mwisho.

Na mchezo wa ubao unaoitwa Monopoly? Aliyeuanzisha, Elizabeth Magie wa Marekani, alipata hataza yake mwaka 1904 akitaka watu waone jinsi mwenye ardhi anavyotajirika huku wapangaji wakifilisika. Mwaka 1935 kampuni ya Parker Brothers iliutoa mchezo kwa jina la Charles Darrow, na Magie akalipwa dola 500. Mamilioni ya watu wamefurahia kufilisiana tangu hapo, na onyo la Magie likageuka kuwa burudani.

Kiswahili kina jina lake kwa tabia hii: ukiritimba. Watu wakaliongezea maana ambayo Aristotle angeipenda. Ofisa anayekuambia urudi kesho, kisha kesho kutwa, ilhali muhuri unaouhitaji anao yeye tu, naye anafanya ukiritimba. Hakuna anayemwonea kwa kumwita hivyo. Dirisha lake halina dirisha jirani.

Si kila neno la ukoo huu lina ubaya. "Monk" limetokana na "monachos", mtu wa pekee, na watu hao wa mwanzo kweli walikuwa peke yao. Waliingia jangwa la Misri, mmojawao Antoni Mkuu, wakaishi kwa sala na mfungo mbali na miji. Lakini karibu mwaka 320 Pakomi, askari wa zamani, aliwakusanya watu huko Tabennisi, karibu na mto Nile, wakaanza kula, kusali na kufanya kazi pamoja chini ya kanuni moja. Kilichokuwa jina la mtu mpweke kikawa jina la jumuiya. Peramiho, ambako Wabenedikti wamekaa tangu 1898, na Ndanda, tangu 1906, anayefika hukuta abasia zenye hospitali, shule na karakana. Wapekee hao wanajua, kama Waswahili, kwamba kidole kimoja hakivunji chawa.

"Monogamy" limekwenda njia nyingine, likilegea kadiri lilivyozeeka. Kwa Tertullian wa Carthage, aliyeandika kitabu kizima juu yake mwanzoni mwa karne ya 3, maana yake ilikuwa kuoa au kuolewa mara moja tu maishani. Mjane aliyeolewa tena alikuwa ameivunja, hata kama mume wa kwanza alikwisha kuzikwa miaka mingi. Huo ndio upekee wa Kigiriki katika ukali wake wote. Kiingereza cha leo kinaridhika na mmoja kwa wakati mmoja, na sheria ya ndoa ya Tanzania ya 1971 ni laini zaidi: inatambua ndoa ya mke mmoja na ya wake wengi, na kwa kawaida inawaruhusu wanandoa, kwa hiari ya wote wawili, kubadili aina ya ndoa yao. Tertullian angeshika kichwa.

Wapo pia wavamizi wa ukoo. "Monday" ni siku ya mwezi wa angani. "Money" limetoka katika hekalu la mungu wa kike Juno Moneta mjini Roma, palipofuliwa sarafu. "Monsoon" ndilo linalowapoteza wengi, wakadhani ni upepo wa upande mmoja. Ni neno la Kiarabu, "mausim", lililopita kwa Wareno kabla ya kufika kwa Waingereza. Sisi tulilichukua moja kwa moja, bila wakala, tukapata msimu. Manahodha waliokuja na kaskazi na kuondoka na kusi walikuwa wakilitumia kabla meli yoyote ya Kiingereza haijaonekana Bahari ya Hindi.

Ni wanasayansi walioigeuza "mono-" kuwa namba ya kweli. Walihitaji viambishi vya kuhesabia sehemu za vitu, wakachukua "mono-", "di-" na "tri-" na kuvipanga kama ngazi. Kwa mwanafunzi wa Kiafrika anayesoma kwa Kiingereza ngazi hiyo ni msaada mkubwa, lakini wengi hawaonyeshwi. Wanapewa "monocotyledon" kama donge la kumezwa. Mwalimu angetumia dakika kumi kulitenganisha, akaonyesha mbegu ya muhindi yenye ghalambegu moja na ya haragwe yenye ghalambegu mbili, na kila neno lenye mwanzo huo lingekuwa limefunguliwa nusu kabla ya kusomwa. Kukariri hakumjengi mtu wa sayansi, na mitaala yetu imekuwa ikilipa gharama ya kukariri kwa muda mrefu.

Tena kuna neno moja ambalo kutolielewa kunaua. Katika nyanda za baridi kama Njombe, Mbeya na Limuru, watu huingiza jiko la mkaa chumbani, hufunga mlango na dirisha, kisha hulala. Mkaa unaoungua penye hewa ya kutosha hutoa zaidi kaboni dioksidi: kila atomi ya kaboni na oksijeni mbili. Hewa ikipungua, kaboni nyingi hupata oksijeni moja, na gesi inayotoka ni kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu. Ikiingia kwenye damu hushikamana na hemoglobini kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200, na mtu aliyelala huweza kufa bila kuamka.

Hata hapa, katika maabara ambako mono- inadhaniwa kuwa hesabu tupu, swali la wengine wako wapi lina jibu lake. Oksijeni ya pili haikupatikana kwa sababu chumba kilifungwa. Mwalimu wa kemia wa kidato cha pili aanze somo hapo, kwa jiko ambalo kila mwanafunzi analijua, kisha ndipo aandike fomula ubaoni. Na wewe uliye na jiko chumbani usiku huu, litoe nje kabla hujalala. Kufungua dirisha kidogo hakutoshi.